Nimeambiwa nikatwe utumbo kwa matundu madogo

SWALI: Daktari, nina miaka 63, mwalimu mstaafu. Nimelazwa mara mbili kwa maumivu makali chini ya kitovu upande wa kushoto, na homa juu. CT Scan ilionyesha vijifuko kwenye utumbo mpana, vimevimba. Sasa nimeambiwa nikatwe kipande kwa matundu madogo. Shemeji yangu anasema bora nipasuliwe kawaida, "waone vizuri". Dawa ninayotumia ni diklofenaki tu, ya magoti. Nimsikilize nani? – Mwalimu M., Tanga

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Shemeji asikutie hofu. Kwenye tundu moja tunapitisha kamera, nayo inakuza picha, na kule chini nyongani mara nyingi tunaona vizuri kuliko tumbo likiwa wazi. Tumbo linajazwa gesi ya kaboni dayoksaidi ili tupate nafasi, vyombo vinapita kwenye matundu ya milimita 5 hadi 12, na kipande kilichokatwa kinatolewa kwa mkato wa sentimita chache. Ukizinduka bega linauma, ni hiyo gesi, itaisha. Kidonda kikiwa kidogo, utatembea mapema na kurudi nyumbani mapema. Kila asubuhi utaulizwa kama umejamba. Jibu bila haya, ndiyo habari tunayoingoja.

Ila kazi ya ndani ni ileile: kipande kibovu kinaondolewa, ncha mbili zinaunganishwa. Ninachokiogopa mimi ni kiungo hicho kuvuja. Siku chache baada ya upasuaji ukiona homa, moyo kwenda mbio au tumbo kuzidi kuuma, usingoje kesho. Muulize pia daktari wako ameshafanya wangapi kwa njia hii, na kama huenda ukawekewa mfuko wa choo kwa muda.

Lakini mimi ningeanza na swali ambalo hukuuliza: lazima ukatwe? Zamani tulihesabu, ukiugua mara mbili unapelekwa chumba cha upasuaji. Siku hizi tunaangalia kama utumbo umebana, kama umetobokea kwenye kibofu (mkojo unatoka na mapovu ya hewa), kama usaha unarudi, au kama maumivu yamekuvurugia maisha. Barua yako haitaji hata kimoja. Wala hukusema kama umepigwa kamera ya njia ya haja kubwa, ambayo hufanywa wiki 6 hivi baada ya uvimbe kupoa, kuhakikisha hakuna saratani. Kama bado, idai hiyo kwanza.

Na diklofenaki iache leo, inaongeza hatari ya vijifuko kutoboka. Kwa magoti, parasetamoli itakusogeza mpaka umwone daktari.