Taa moja haitoshi wawili: kwa wadogo zangu wa Menengai

Jumamosi iliyopita tulikutana palepale pa siku zote, saa kumi na mbili jioni, tayari kupanda Mlima Menengai, hapa kwetu Nakuru, kwa baiskeli. Kulikuwa na vijana wanne wapya. Nilizunguka nikikagua breki, tairi, tyubu za akiba na maji, hadi nikafika kwenye taa. Wa kwanza alikuwa amefunga tochi ya nyumbani kwenye usukani kwa seloptepu. Wa pili alikuwa na taa iliyoandikwa lumeni 10,000 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga), kainunua mchana huohuo, na karatasi ya plastiki bado imeng'ang'ania kioo. Wa tatu alikuwa na taa nzuri sana, chaji robo. Wa nne hakuwa na kitu. Aliniambia kwa heshima zake zote: "Kaka, mimi nitamfuata huyu. Taa yake inatutosha wawili."

Hatukupanda. Tulizunguka kwenye lami hadi saa moja, tukanywa chai, nikawarudisha nyumbani, na wawili wenu mlinuna waziwazi. Mlikuwa na haki, maana niliamua bila kuwaeleza sababu. Naieleza sasa.

1. Namba za kwenye boksi. Balbu ya H4 iliyo kwenye magari mengi hapa mjini hutoa kama lumeni 1,000 ikiwa imeshushwa kumulika karibu, na gari lina mbili. Taa ya baiskeli yenye ukubwa wa kiberiti ikidai 10,000, inadai kuwa na mwanga wa magari matano. Kwa taa za LED za bei yetu, hesabuni kama lumeni 100 kwa kila wati moja. Lumeni 10,000 zingetaka wati 100, na hakuna kipande kidogo cha alumini kinachoweza kuhimili joto hilo. Kwa vijia vyetu, lumeni 400 hadi 800 za kweli zinamtosha mtu anayeendesha kwa akili.

Halafu betri. Zile za kuchaji za 18650, zilizomo kwenye taa nyingi, zimepewa jina kwa vipimo vyake: upana milimita 18, urefu milimita 65. Betri ya ukubwa huo, hata itoke kiwanda bora, haipiti sana mAh 3,500 (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri). Ukiona imeandikwa 9,900, irudishe mezani kwa muuzaji bila kubishana naye. Iliyo halali ina uzito wa gramu 45 au zaidi kidogo, na mama wa viungo sokoni ana mizani ndogo ya kidijitali. Mwombe kwa adabu, atakupimia. Ukizidisha mAh 3,400 kwa voti 3.7 unapata kama wati-saa 12.6. Ukiendesha kwa lumeni 400, taa inakula wati 4 hivi, kwa hiyo una saa tatu. Ukiipandisha hadi lumeni 1,000, una saa moja na dakika chache. Hesabu hiyo fanyeni hapohapo dukani. Swali la kwanza kwa muuzaji liwe taa inadumu saa ngapi, na jibu lake mkalipime wenyewe.

2. Kupima. Chaji taa hadi ijae, iwashe kwa kiwango utakachotumia njiani, iweke dirishani penye upepo, andika saa uliyoiwasha, kisha kaa nayo mpaka ififie. Usiende kulala. Kaa nayo.

Nasisitiza hivyo kwa sababu mimi sikukaa. Miaka sita iliyopita nilinunua taa yenye pakiti ya betri nne, shilingi 1,800, na ilikuwa imeandikwa mambo makubwa kuliko hayo ya kijana wetu. Niliiwasha sebuleni dakika tano. Ukuta wote ukawa mweupe, mke wangu akafunika macho, nami nikaridhika. Ijumaa iliyofuata ilikuwa zamu yangu kuongoza msafara usiku, na nyuma yangu alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, safari yake ya tatu. Alikuwa na tochi ndogo ya kichwani. Kabla hatujaondoka aliniuliza kama arudi nyumbani akachukue taa ya kaka yake. Nyumba yao ilikuwa dakika kumi kutoka pale tulipokuwa tumesimama. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayejua, "Acha. Nifuate mimi, taa yangu inatutosha wawili."

Tulipanda vizuri. Kule juu ukingoni, mita 2,278, tulisimama tukala ndizi, na taa niliiacha ikiwaka kwa nguvu zote wakati watu wanapiga picha. Hilo ni kosa la pili ndani ya lile la kwanza, maana taa iliyosimama haipati upepo wa kuipoza, na chaji inaisha bila kazi. Tulipoanza kushuka kati ya mikaratusi nilikuwa na furaha nyingi. Mwanga ulifika mbali mno, na kwa kuwa ulifika mbali niliachia breki.

Ilizima kama balbu ya stima inavyozima umeme ukikatika. Haikufifia kwanza wala haikugeuka rangi. Saa yangu inaonyesha ilikuwa dakika ya arobaini na sita tangu niiwashe. Mimi kona ile naijua. Nimeipita mchana mara nyingi, na mwili wangu ulikata kushoto wenyewe kabla kichwa hakijaelewa. Yeye hakuijua. Alikuwa amekaza macho kwenye duara la mwanga wangu kwa nusu saa nzima, macho yamezoea weupe, na duara likaondoka. Nilisikia tairi lake likiacha udongo na kuingia kwenye mawe ya volkano. Mlio ule ni mkavu, kama mtu anayekanyaga vigae. Kisha nikasikia baiskeli. Yeye sikumsikia hata kidogo, na zile sekunde mbili tatu za kumwita jina gizani bado ninazo.

Mfupa wa mtulinga ulikuwa umevunjika. Kwa mwanga wa simu niliona bega lake limeshuka na mkono mwingine umeushika ule kama mtu aliyebeba mtoto. Hakulia. Aliniomba msamaha, na hilo ndilo liliniumiza kuliko yote. Tulimfunga mkono kwa jezi yangu, tukatembea hadi barabarani kwa tochi yake ndogo ya kichwani, ileile niliyoidharau, na ilituonyesha njia saa mbili na nusu bila kuyumba.

Asubuhi nilienda kwao. Mama yake alinikaribisha, akaniwekea uji, akakaa. Nikamwambia, "Mama, ni mimi niliyemzuia asirudi kuchukua taa." Aliniuliza swali moja tu: "Na wewe ulikuwa na ngapi?" Nikasema moja. Hakunijibu. Alinisogezea sukari.

Baadaye nilipeleka ile pakiti kwa fundi wa redio, tukaifungua. Betri nne zilikuwa na gramu 29 hadi 33 kila moja. Nilikuwa nimembeba mtoto wa watu juu ya gramu hizo.

Basi mkiniona nageuza msafara kwa ajili ya taa, jueni ninarudi kwenye kona ile.

3. Taa mbili kila mtu, bila mjadala. Moja kwenye usukani, moja kwenye helmeti. Ya usukani iko chini ya macho, kwa hiyo mawe na makorongo hutupa vivuli, na kivuli ndicho kinachokuambia shimo lina kina gani. Ukiwa na ya helmeti pekee, mwanga unatoka karibu na jicho, vivuli vinajificha nyuma ya mawe, njia yote inaonekana bapa kama meza. Lakini ya helmeti inageuka na kichwa chako, ilhali kwenye kona kali ile ya usukani inamulika vichaka wakati wewe unaenda kwingine. Mwenye pesa za taa moja nzuri tu anunue mbili za wastani. Ielekeze ya usukani kama mita 10 mbele na ya helmeti mbali zaidi. Ya helmeti iwe nyepesi, vinginevyo shingo italalamika kesho.

Babu yangu kule Ahero alikuwa na baiskeli ya Black Mamba yenye dainamo ya kusugua tairi, voti 6 na wati 3 tu kwa taa ya mbele na ya nyuma pamoja. Akienda kasi iling'aa, akipanda tuta ilififia, akisimama ilizima. Kwa hiyo alikuwa na kurunzi mfukoni, kila siku, hata akienda kwa jirani. Alijua taa yake inakomea wapi, na ndiyo elimu ninayotaka muwe nayo.

4. Vumbi. Jina la Nakuru lenyewe husemwa limetoka kwenye Kimaasai, mahali pa vumbi, na anayepita Menengai mwezi wa pili haulizi kwa nini. Ukimfuata mwenzako kwa karibu huku taa ya helmeti iko juu kabisa, mwanga unagonga vumbi na kukurudia usoni kama pazia jeupe. Punguza ya helmeti, bakiza ya usukani, achia nafasi. Ukungu wa msitu wa Mau unafanya vilevile. Ndiyo maana ninawashauri mchague mwanga wenye umanjano kidogo, kelvini 4,000 hadi 5,000 (kelvini hupima rangi ya mwanga), badala ya ule mweupe wa kibuluu wa 6,500. Mimi unanichosha macho, na udongo, majani na jiwe vyote vinafanana.

5. Taa ya nyuma. Nyekundu, hafifu, isiyopepesa mkiwa msituni. Kupepesa ni kwa barabara ya lami. Anayekufuata kwa saa mbili akitazama kimulimuli chako hataona mzizi ulio mbele yake.

6. Kambini. Hapa wengi hununua taa kubwa ya kuning'iniza halafu wanakosa nafasi yake kwenye mizigo. Tochi ya kichwani inatosha kupika, kujenga hema na kwenda chooni. Tafuta yenye mwanga mwekundu, maana jicho likishazoea giza, mwekundu hauliharibu sana, na wenzako hawaamki ukitafuta soksi. Kwa mwanga wa hema zima, weka tochi chini ya chupa ya plastiki yenye maji; inasambaza mwanga vizuri. Hell's Gate mnaruhusiwa kuendesha baiskeli mchana kati ya pundamilia na twiga, na kulala Naiburta au Ol Dubai, lakini jua likizama baiskeli inalala. Na mkipiga kambi kando ya Ziwa Naivasha, kumbukeni kiboko hutoka majini usiku kula nyasi. Mulikeni kwanza, ndipo mtoke hemani.

Pawabenki ya mAh 10,000 haikupi 10,000 kwenye taa. Namba hiyo ni ya betri za ndani kwa voti 3.7; ikipandishwa hadi voti 5 za waya wa USB, na nyingine ikipotea kwa joto, unabaki na kama 6,000 na kitu. Kwa usiku mbili pangeni hivyo, na kabla ya kununua taa muulize kama inaweza kuwaka huku inachajiwa. Si zote.

7. Madogo, harakaharaka. Kata kipande cha tyubu kuukuu ukizungushe kwenye usukani chini ya kishikio cha taa, haitazunguka kwenye mawe. Alama ya IPX4 kwenye boksi maana yake taa inahimili manyunyu tu; mvua ya mwezi wa nne inataka zaidi ya hapo, na kifuniko cha raba cha tundu la chaji lazima kifungwe kabisa. Betri ya akiba usiiweke mfukoni pamoja na funguo, itapiga shoti. Iliyochanika ganda, itupe panapokusanywa taka za umeme. Usichaji ndani ya hema mkiwa mmelala. Ukizungumza na mtu, shusha kichwa usimpofushe. Huku kwetu jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na giza haligongi mlango; dakika ishirini limeshaingia. Kwa hiyo taa inafungwa kwenye baiskeli nyumbani, mchana.

Kijana wangu yule alipona. Leo ndiye anayefunga mkia wa msafara kila Ijumaa, na ana taa tatu.

Kwa wale wanne: Alhamisi saa moja usiku nitakuwa kibarazani kwangu. Leteni taa zenu zikiwa zimejaa chaji, pamoja na daftari na sweta, maana kunakuwa na baridi. Tutaziwasha zote kwa pamoja na kukaa nazo hadi ya mwisho izime. Aliyekuwa hana taa, njoo pia. Ninayo moja ya ziada ya lumeni 500, nimeipima mwenyewe mara mbili, inakaa saa mbili na dakika hamsini. Itumie mpaka upate yako.