Kabla ya Kununua Akili Unde ya Kiwanda, Amua Nani Atazima Mtambo

Nimefanya kazi ya matengenezo ya mitambo kwa miaka kumi na sita katika ukanda wa miwa wa magharibi mwa Kenya, na sijawahi kuona kifaa kilichosifiwa kama akili unde hata kabla ya kufanya kazi. Sina ugomvi na wanaoiuza, kwa maana imetufaa. Hata hivyo, ningemshauri msimamizi yeyote wa kiwanda kwamba kabla hajatia sahihi mkataba aamue ni nani, kwa cheo, atakayeuzima mtambo pindi mfumo utakapoonya.

Kiwandani nilikokuwa tulianza na feni ya boila, ile inayovuta moshi kutoka tanurini kuelekea dohani. Boila hiyo huchoma makapi ya miwa, na majivu yake huganda kwenye mapanga ya feni, upande mmoja zaidi ya mwingine, hadi feni ikapoteza mizani na mtetemo ukaanza kula beringi, yaani kile kifaa kinachoishika shafti inapozunguka. Feni hiyo ikisimama ghafla moto ukiwa umewaka, mvuto hupotea na miali hutokea mlangoni mwa tanuri, pale pale anaposimama mlisha makapi. Ndiyo maana sielewi viwanda vinavyokabidhi usalama kwa ofisi moja na matengenezo kwa ofisi nyingine.

Tulifunga vihisi viwili vya mtetemo na kimoja cha joto. Feni ile huzunguka takriban mara 990 kwa dakika, na mtetemo unaopanda ukijirudia mara moja kwa kila mzunguko kwa kawaida humaanisha kwamba mizani imepotea. Ukijirudia mara mbili kwa kila mzunguko, fundi hushuku kwamba shafti ya mota na ya feni hazijanyooka. Beringi inayoanza kuchubuka nayo hutoa ishara za kasi zaidi, mara nyingi mapema kabla mkono haujahisi joto. Programu ya akili unde husoma vihisi hivyo na kujifunza hali ya kawaida ya mtambo, kisha huonya inapoona mabadiliko.

Hiyo hali ya kawaida ndiyo iliyotuponza. Programu ilijifunza kwa wiki mbili za mvua, wakati barabara za mashambani zilikuwa tope tupu, miwa ilikuwa haba na boila ilikuwa ikiendeshwa kwa nusu ya nguvu yake. Mvua ilipokatika na matrekta kupanga foleni langoni, mfumo ulionya mara kumi na moja katika zamu moja. Siku ya tatu nilikuta opereta ameifunika taa ya onyo kwa kipande cha katoni, na simlaumu.

Aliyetuokoa ni fundi wetu mkongwe, ambaye hadi leo huweka ncha ya bisibisi juu ya beringi na mpini sikioni, akafumba macho. "Injinia," aliniambia, "hiyo kompyuta yenu haijaisikia feni hii ikibeba mzigo." Tuliirudisha programu darasani katika msimu wa miwa tele, naye akakaa nasi siku nne kupitia kitabu cha matengenezo, ambamo tulikuwa tumeandika mara nyingi "beringi imebadilishwa" bila kutaja ya upande gani wala ilikutwa katika hali gani. Ukiwa na kitabu cha namna hiyo, anza kukirekebisha leo, hata kama vihisi utavinunua mwakani.

Onyo la kweli lilikuja usiku, likatumwa kwenye simu ya meneja aliyekuwa amelala Kisumu. Opereta aliliona pia kwenye skrini, lakini kuzima boila bila idhini kungemgharimu kazi, kwa hiyo alisubiri. Beringi ilikwama kabla ya alfajiri, na kijana aliyekuwa akilisha makapi akaungua mkono. Mfumo ulikuwa umeonya muda wa saa tatu kabla ya beringi kukwama. Tulichokosa ni mtu mwenye ruhusa.

Suala hilo tulilipeleka mbele ya kamati ya usalama, ambayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inaitaka kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi. (Kamati hiyo hiyo iliyakataa mapendekezo ya kamera za kuwatazama wafanyakazi hadi waelezwe picha zitatunzwa wapi na kwa muda gani, na kwa maoni yangu ilifanya vyema, maana mfanyakazi anayehisi anachunguzwa hatakuambia mashine inalia.) Tulikubaliana kwamba opereta wa zamu anaweza kusitisha ulishaji wa makapi na kuizima feni kwa utaratibu bila kumpigia mtu simu, na agizo hilo likabandikwa kando ya swichi likiwa na sahihi ya meneja.

Wiki chache baadaye, opereta wa zamu ya usiku aliizima. Tulipoifungua feni, tulikuta bonge la majivu limeng'ang'ania panga moja, na beringi ikiwa bado nzima. Tulisafisha, tukaiwasha, na asubuhi hakuna aliyemwita ofisini kumuuliza kwa nini kiwanda kilisimama.