Mtoto wa Kulea Afukuzwe Nyumbani?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nililelewa tangu mchanga na wazee wasio wa damu yangu, hapa Tanga. Baba amefariki. Siku ya kugawa mirathi ndugu zangu walinitoa barazani, wakasema mimi ni mtu wa kuja, nihame. Ustadhi mmoja akawaunga mkono kwa Aya ya Suratul Ahzab. Mama analia, hataki niende. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam. Pole mwanangu, kwa msiba na kwa hayo yaliyofuata.

Kwamba hurithi, unajua, wala hukuuliza. Kinachoniuma ni Aya ya Mwenyezi Mungu kugeuzwa fimbo ya kumfukuzia mtu. Aya ya 5 inaamrisha waliolelewa waitwe kwa baba zao. Wasipojulikana, basi ni ndugu zetu katika dini. Ndugu! Huyo ustadhi aliishia wapi kusoma? Zayd bin Haritha, aliyelelewa na Mtume kama mwanawe, aliacha kuitwa bin Muhammad, lakini hakutolewa moyoni mwa Mtume (s.a.w.). Mwaka wa 8 Hijria ndiye aliyekabidhiwa jeshi katika vita vya Muuta, akafa shahidi. Baadaye watu walipoutia ila uongozi wa mwanawe Usama, Mtume aliapa kwamba Zayd aliustahiki uongozi, na alikuwa miongoni mwa watu aliowapenda mno. Nasaba ilirudi kwa Haritha, mapenzi yakabaki palepale.

Tena, Suratun Nisaa Aya ya 8 inasema wakihudhuria ugawaji jamaa, mayatima na masikini, wapewe chochote na waambiwe maneno mema. Hao si warithi. Wanazuoni wengi wameliona hilo ni sunna, si wajibu, sawa. Lakini kumwinua mtu mkekani kumetoka kitabu gani?

Ulizia kama marehemu aliacha wasia. Ukiwapo, unatekelezwa kabla ya kugawa, mpaka thuluthi. Alichokupa na kukukabidhi akiwa hai ni chako. Mama naye ana thumuni yake, yaani sehemu moja ya nane ya mirathi, na katika mali yake anaweza kukupa atakacho. Ndugu zako wakiyakataa haya, nenda kwa kadhi pamoja na mzee mnayemheshimu nyote.

Kuhusu kuhama, muulize mama kama alikunyonyesha mara tano au zaidi kabla hujatimiza miaka miwili. Kama ndiyo, wewe ni mwanawe na binti zake ni dada zako, kaa naye. Kama siyo, sheria za faragha zinakuhusu, yaani mwanamume asikae peke yake na mwanamke asiye maharimu wake. Panga chumba jirani, umtumikie kila siku kama ulivyozoea. Usihamishe hata godoro kabla ya kumuuliza.

Wallahu aalam.