Mkuu, usipandishe hilo simtanki kwenye slabu ya baraza

Umeuliza bomba la inchi ngapi na pampu ya nguvu gani kwa simtanki la lita 5,000, unalotaka kulikalisha juu ya slabu ya baraza, ile iliyochomoza nje ya ukuta bila nguzo mbele. Simamisha kila kitu. Kama tanki umeshalilipia, liache hukohuko dukani. Mimi nilifanya hivyohivyo, na baraza langu sasa linajulikana mtaa mzima kuliko mwenye nyumba.

Lita moja ya maji ni kilo moja, hakuna ujanja hapo. Lita 5,000 ni tani tano, na plastiki yenyewe hujaihesabu. Kitako cha tanki la namna hiyo ni mita tatu za mraba au pungufu, kwa hiyo kila mita ya mraba inabebeshwa zaidi ya tani moja na nusu. Sasa sikiliza: sakafu ya nyumba ya kuishi, kwa kanuni za Waingereza ambazo mainjinia wetu wamezitumia miaka mingi, hupigiwa hesabu ya kilo 150 hivi kwa mita ya mraba kwa ajili ya watu na vyombo. Umezidisha zaidi ya mara kumi! Ni sawa na kuwasimamisha wageni sabini wa harusi kwenye kona moja ya baraza, mabega yamebanana, halafu unafunga geti wasiondoke mwaka mzima.

Lakini uzito siyo ulioniua. Kilichoniua ni nondo.

Slabu iliyoshikwa na kuta pande zote ikielemewa hubonyea katikati, na inavutika upande wa chini, ndiyo maana nondo kuu hukaa chini. Hiyo yako imeshikwa upande mmoja tu. Ikielemewa inainama mbele, na panapovutika ni JUU, pale inapotokea ukutani. Zege linavumilia kukandamizwa, kuvutwa haliwezi. Kazi hiyo ni ya nondo. Kwa hiyo nondo kuu za baraza linaloning'inia lazima ziwe juu, na ziingie ndani ya nyumba vya kutosha. Fundi wangu alizisuka vizuri kabisa, mistari imenyooka, nikampongeza na soda nikamnunulia. Zote ziko chini! Na hata fundi anayezifunga juu, siku ya kumwaga zege vijana wanapita na ndoo wakizikanyaga, zinashuka taratibu na hakuna anayezinyanyua.

Huyo bwana nilimuuliza kwa mdomo wangu kama tanki litakaa. Akapiga slabu kisigino, akasema, "Bosi, hapa hata Fuso inapanda." Kisigino ndiyo maabara yake. Muuza tanki naye akachangia kwamba maji yakitulia hayana uzito. Natamani nimkute siku moja nimtwishe dumu la lita 20 lililotulia.

Basi likajazwa, na kwa kuwa kwetu mgao wa maji ni desturi, nililiweka limejaa wakati wote. Kila wikiendi nasimama chini ya baraza nakagua plasta kwa tochi, mtu makini kweli. Plasta safi. Ufa ulikuwa juu, sambamba na ukuta, umejificha nyuma ya tanki, na maji ya kufurikia yalikuwa yanaingia humo yanalisha kutu. Nilishtuka siku mlango wa kutokea barazani ulipoanza kukwaruza na maji ya mvua yakabadili mwelekeo, yanakimbilia ukingoni. Tukalitoa maji usiku uleule, tukakita mirunda chini, watoto wakahamia chumba cha nyuma. Injinia aliyekuja aliangalia, akauliza mchoro uko wapi, nikamwonyesha fundi. Hakucheka.

Kuvunja, kukodi mirunda, kusuka upya na kumwaga upya: hela hiyo ingenijengea mnara wa tanki na chenji ikabaki. Mwenye bajeti ya nyumbani kwangu hanisamehi mpaka leo, na kila nikitaja neno "ukarabati" ananiletea kikokotozi.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na siibadilishi: usipandishe hata lita moja juu ya zege ambalo hujui nondo zake zimekaa wapi. Usiniambie slabu ni nene. Usiniambie jirani ameweka na halijaanguka. Jirani naye hajaangalia nyuma ya tanki lake. Watu wanapita na kuondoka, tanki linakaa usiku na mchana, na zege linaloelemewa bila kupumzika linaendelea kuinama kidogokidogo hata kama siku ya kwanza lilikuwa sawa.

Jenga mnara wake pembeni: nguzo nne za zege zenye msingi wake mwenyewe, mikanda ya kuzifunga, na slabu ndogo juu iliyosawazishwa ili kitako chote kiguse. Mpe injinia aliyesajiliwa achore, na mchoro umwambie fundi, siyo fundi auambie mchoro.

Ila kabla ya hapo nijibu hili: siku ya kumwaga hilo baraza ulipiga picha ya nondo? Kama unayo, iweke hapa tuione.