Maswali na majibu: Ubao wa maono hautakununulia ploti

Kila Januari maswali ya ubao wa maono hunifikia kwa wingi: ile karatasi kubwa unayobandika picha za gari, nyumba, harusi na safari ili uzione kila uamkapo. Nimechagua machache. Salamu nimezipunguza, majina nimeyaacha.

Hujambo dada? Nataka kutengeneza ubao wa maono lakini sijui nahitaji vifaa gani. Naomba unisaidie. (Rongai)

Swali hili nimelijibu hadi nimechoka. Karatasi ya manila, makasi, gundi, kalamu ya wino mzito na magazeti ya zamani. Vyote viko hapo hapo Rongai. Ukifika mjini, wauza vitabu vya mitumba, wale unaoinama kuchagua, wana majarida ya picha kwa bei ya kuelewana. Na tafadhalini, msiniulize tena kama karatasi ilale au isimame.

Marafiki zangu wamenialika Kilimani kwa kikao cha ubao wa maono. Kiingilio ni 4,500: unapata vifaa, chakula cha mchana na mwezeshaji. Nimebaki na elfu sita hadi mshahara. Niende? (Donholm)

Usiende. Una elfu sita za kukuvusha mwezi, halafu utoe 4,500 ukafundishwe kukata gazeti?

Vikao hivi hufanywa Januari kwa sababu watu wametoka Desemba na majuto, na mwenye majuto halalamikii bei. Aliyekiandaa naye ana ubao wake nyumbani, na kwenye ubao huo riziki ni wewe. Sisemi wote ni matapeli. Kukaa na marafiki Jumamosi mkaulizana kila mmoja anataka nini mwaka huu ni jambo zuri sana. Basi waalike kwako Donholm, huyu alete chapati, yule alete dengu. Wakikataa kwa kuwa hakuna mahali pa kupigia picha nzuri, utakuwa umejua walichokuwa wanakiendea Kilimani. Na jifunze kusema "sina" katikati ya Njaanuari. Hakuna aliyewahi kufa kwa kulisema.

Dada, nimetengeneza ubao kila mwaka tangu 2021. Nimeweka Prado, nyumba ya ghorofa Runda na safari ya Dubai. Nautazama asubuhi na usiku hadi nahisi kabisa niko ndani ya hiyo nyumba. Hakuna kilichosonga. Nakosea wapi? (Umoja)

Umejijibu mwenyewe uliposema unahisi uko ndani ya nyumba.

Wanasaikolojia Heather Kappes na Gabriele Oettingen walichapisha majaribio yao mwaka 2011. Watu walioongozwa kuwaza mambo mazuri ya mbele kana kwamba yamekwisha kutimia walikuwa na nguvu ndogo ya kuyafuata kuliko wenzao. Wakipimwa hata shinikizo la damu, lilikuwa chini. Ukishaonja ushindi kichwani, mwili haukai mkao wa kazi. Oettingen hasemi tuache kuota. Anasema ukimaliza kuota, papo hapo utazame ni kitu gani ndani yako kitakuzuia, kisha upange utakachofanya kikijitokeza. Peter Gollwitzer naye ameandika sana kuhusu mipango ya namna hii: ikiwa jambo fulani limetokea, basi nitafanya hivi. Hiyo "ikiwa" sijaiona kwenye ubao wako.

Sasa tuutengeneze upya. Prado, bandua. Runda, bandua, nina hakika hujawahi hata kuuliza bei. Weka kitu ambacho mlango wake unaujua. Tuseme unataka ploti ya futi hamsini kwa mia huko Joska. Sacco nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba yako, ukiwa na wadhamini. Kwa hiyo mkopo wa 900,000 unadai akiba ya 300,000, na hiyo 300,000 ndiyo inayofaa kukaa ukutani, si picha ya bangalo. Chora visanduku thelathini, kila kimoja elfu kumi. Ukifikisha elfu kumi sacconi, paka kimoja rangi. Pembeni andika kwa herufi kubwa: "Ikiwa mshahara umeingia, basi natuma ya sacco kabla sijapanda matatu ya kurudi nyumbani." Chini yake andika: "Ikiwa kaka ameomba kukopeshwa, basi namwambia nitamjibu kesho." Unacheka, lakini kila mtu Nairobi ana kaka huyo, na wengine ndio kaka mwenyewe.

Ubao huo hautapendeza kwenye picha. Mgeni ataona visanduku vitupu hadi Machi, na utaona haya. Uache tu hapo.

Hukuniuliza haya mengine lakini nitayasema. Sacco zinazopokea amana zina leseni ya SASRA, mamlaka inayozisimamia, na orodha yao hutangazwa wazi. Isome kabla ya kupeleka hata mia. Na ploti usiinunue kwa picha. Mliosahau Syokimau ya Novemba 2011, kumbukeni basi Mavoko, Oktoba 2023, kwenye ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Tingatinga ziliangusha nyumba za watu walioamini wamenunua kihalali. Fanya upekuzi rasmi wa hati katika sajili ya ardhi, wewe mwenyewe, wala usiridhike na nakala uliyotumiwa na ajenti kwa WhatsApp. Lipa mpimaji akuonyeshe vigingi. Gharama ya mpimaji nayo ina haki ya kisanduku chake.

Naishi bedsita na keateka hataki misumari ukutani. Niuweke wapi? (Roysambu)

Nyuma ya mlango, kwa seloteipu.

Naweza kuutengeneza kwenye simu badala ya karatasi? (South B)

Unaweza. Utautazama mara mbili, kisha ujumbe wa kikundi cha harusi ya binamu utaingia.

Mchungaji wetu amefundisha kwamba ubao wa maono umetoka Habakuki 2:2, na asiyekuwa nao imani yake ina kasoro. Ni kweli? (Githurai)

Kwa heshima zote kwa mchungaji, msomee sura nzima. Nabii alikuwa analia juu ya dhuluma na juu ya Wakaldayo waliokuwa wanakuja kuteka mataifa. Alichoambiwa akiandike kwenye vibao kilikuwa jibu la Mungu kwa kilio hicho, si orodha ya mambo aliyoyatamani yeye. Ukishuka hadi mstari wa 6 unakuta ole kwa anayejirundikia kisicho chake, na wa 9 unamkemea anayetafuta mapato mabaya ili aweke kiota chake juu. Mistari hiyo sijawahi kuiona imebandikwa karibu na picha ya Prado.

Ukitaka ubao, tengeneza. Usipotaka, nenda ibadani kwa amani. Siku mtakapoanza kuuziwa mbao zilizoombewa, shika mkoba wako vizuri.

Mwezeshaji alituambia kuna utafiti wa chuo kikuu cha Yale wa 1953: asilimia tatu walioandika malengo yao walikuja kuwa na mali kuliko wengine wote wakijumlishwa. Mbona huutaji? (Lang'ata)

Kwa sababu haukufanyika. Ulipotafutwa, Yale kwenyewe haukupatikana. Wengine husema ulikuwa wa Harvard. Huko nako ni hadithi ile ile. Mwulize mwezeshaji akuonyeshe karatasi yenyewe, kisha umdai nauli.

Binti yangu yuko kidato cha nne. Nimemtengenezea ubao wenye alama ya A na picha ya daktari mwenye stethoskopu. Utamsaidia kwenye KCSE? (Mama wa Kasarani)

Mama, kama umemtengenezea wewe, huo ubao ni wako. Muulize kwanza kama anataka udaktari.

Akisema anautaka, aache kuitazama hiyo A. Mwaka 1999 Lien Pham na Shelley Taylor walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi wa chuo kikuu waliokaribia mtihani. Baadhi waliambiwa wawaze wamepata A na furaha yake. Wengine wawaze wakiwa mezani wanasoma. Waliowaza kusoma walianza mapema, wakasoma kwa saa nyingi zaidi na wakapata alama za juu. Basi ubao wa binti uwe na ratiba aliyoiandika kwa mkono wake: Jumanne jioni, maswali ya zamani ya Kemia, simu iko kwa mama. Eliud Kipchoge, aliyekimbia Vienna 2019 kwa 1:59:40, anajulikana kwa madaftari anamoandika mazoezi yake tangu 2003. Daftari la namna hiyo litamfaa mtoto kuliko stethoskopu ya gazeti.

Na wewe umpunguzie kazi za nyumbani muhula wa tatu. Ratiba haina maana kama saa hizo hizo anatumwa dukani.

Mke wangu ameweka shule ya kimataifa ya watoto, mimi nimeweka gari. Ubao ni mmoja na sasa hatuongei. (Embakasi)

Ndugu, ubao hauna kosa. Kaeni chini usiku mmoja, kila mtu aweke payslip yake mezani, na madeni ya simu pia, yote, hata lile la Desemba unalodhani mkeo halijui. Baada ya hapo huenda picha zote mbili zikatoka. Hutasema basi kwamba hamuongei.

Nimeweka bendera ya Kanada na nikaupiga picha nikauweka mtandaoni. Siku hiyo hiyo ajenti alinipigia, anasema ana kazi huko na viza ni ya uhakika kwa 150,000. Je, ndio maono yanatimia? (Kayole)

Hapana. Ni mtu aliyesoma ubao wako. Ukitangaza unachokitamani kuliko vyote, umemrahisishia tapeli kazi yake. Ajenti wa kazi za ng'ambo anapaswa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira; mwombe jina la kampuni na uthibitishe huko kwenyewe, si kwa namba atakayokupa yeye. Viza hutolewa na serikali ya Kanada, na hakuna ajenti anayeweza kukuahidi. Ikiwa umeshatuma chochote, piga ripoti polisi leo na uhifadhi ujumbe wa M-Pesa. Ile picha uifute.

Nilipoteza kazi Agosti. Ubao wa mwaka jana bado uko ukutani na kila nikiuona moyo unauma. Ni vibaya kuutoa? (Pipeline)

Pole sana. Utoe leo, si vibaya hata kidogo. Hujashindwa maisha kwa kubandua karatasi. Geuza upande wa nyuma, uandike watu ambao hawajajua unatafuta kazi, na kila asubuhi mpigie mmoja. Kodi ikikusonga, zungumza na mwenye nyumba kabla ya tarehe tano, si baada.

Kuna kijana wa kanisani kwetu nampenda lakini hajui. Nimebandika picha yake katikati ya ubao, niliitoa Facebook yake. Kuna ubaya? (Zimmerman)

Itoe kabla hajaja kukutembelea. Na muulize kama ana mtu.