Kutu ndani ya tangi la pikipiki

SWALI: Pikipiki yangu ilikaa muda mrefu bila kutumika. Sasa kabureta inaziba kila mara, na nikichungulia ndani ya tangi naona kutu. Nilisafishe vipi?

JIBU: Mwaga petroli yote mahali pa wazi, mbali na moto, kisha ng'oa koki na geji ya mafuta na uzibe matundu yake kwa mpira. Osha tangi kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo. Usiiruke hatua hii, kwani asidi utakayotia baadaye haipenyi penye mafuta. Kutu inayobanduka itoe kwa kutia nati kadhaa na kulitikisa. Zihesabu zikiingia na zikitoka.

Yeyusha asidi ya sitriki, gramu 80 hadi 100 kwa lita ya maji ya uvuguvugu. Jaza tangi hadi mdomoni, kwa sababu kutu hupenda sehemu ya juu isiyofikiwa na petroli. Acha kifuniko wazi, gesi itoke. Chungulia baada ya saa 12. Chuma kikiwa kijivu, mwaga. Kuzidisha muda hula chuma kizima. Maji ya betri yaache kabisa: ni makali mno.

Wengi huharibu kazi hapa mwishoni. Chuma kitupu chenye unyevu hushika kutu upya ndani ya dakika chache. Suuza kwa maji yenye magadi soda, kisha maji safi, ukaushe mara moja kwa hewa ya moto, halafu zungusha mafuta kidogo ya injini ndani. Badilisha pia chujio la petroli.