Jibu: Matangazo ya shule yananipita, nifanyeje?

Salaam mkuu. Unasema habari za shule ya mwanao zinakupita, hata likizo ya Aprili umeisikia kwa jirani. Anza na begi. Kundi la wazazi kwenye simu limejaa salamu na picha za keki. Karatasi yenyewe ya mwalimu iko chini kabisa ya madaftari, na masika hii huwa imelowa. Ya wangu niliikuta imekunjwa ndege!

Pili, ukimpeleka asubuhi, piga picha ubao wa matangazo. Tafuta tarehe ya kufunga shule na mazoezi ya UMITASHUMTA (mashindano ya michezo ya shule za msingi Tanzania), maana raba na bukta huombwa usiku wa manane. Tarehe 7 na 26 Aprili ni sikukuu, hakuna masomo. Mambo ya michango muulize mwalimu wa darasa mwenyewe.